Njuga, Kengele na Mizani ya Nyimbo za Sala

Sisi watungaji wa pwani tumelelewa na hesabu. Tangu chuoni, tulipokuwa tukikaririshwa Kurani na kusikiliza tenzi za wazee wetu, masikio yalizoezwa kuhesabu: mizani nane ni kipande, vipande vinne ni ubeti. Kwa hivyo nilipofika Rongo, katika Kaunti ya Migori, nikamkuta mwalimu mmoja wa kwaya akihesabu silabi kwa vidole, nilijua nimempata ndugu wa fani, ijapokuwa yeye ni wa kanisani nami ni wa msikitini.

Mwalimu huyo alikuwa akiupanga wimbo wa Krismasi kwa mtindo wa kengele za mkono. Asili ya kengele hizo ni Uingereza, ambako wagonga kengele za minara ya makanisa walizitumia kufanyia mazoezi ndani ya nyumba. Baadaye zilivuka bahari hadi Marekani, na mwaka 1954 wapigaji wa huko wakaunda chama chao. Kila kengele ina sauti moja tu, na kila mpigaji kwa kawaida hushika mbili. Seti ya oktava mbili ina kengele 25. Basi wimbo mmoja hugawanywa kwa watu kumi au zaidi, na hakuna hata mmoja awezaye kuupiga peke yake.

Kengele hizo ni ghali, na mwalimu hakuwa nazo. Alichofanya ni kuwageuza watoto wenyewe kuwa kengele. Aliwapanga wanane mstari mmoja, wa kwanza akapewa do, wa pili re, mpaka do ya juu. Kila mtoto aliimba sauti yake zamu yake ilipofika, kisha akanyamaza.

“Mzee,” aliniambia, “hapa mtoto hujifunza kungoja. Akiwahi, ameuharibu wimbo wa wenzake.”

MIZANI HAITOSHI

Nilimwuliza kwa nini anahesabu silabi ilhali kengele hazina maneno. Akanijibu kwamba msikilizaji huja na maneno moyoni, na kengele ikilia humkumbusha. Hapo ndipo tulipoingia katika kiini cha jambo.

Vitabu vya nyimbo za sala huandika hesabu ya silabi za kila wimbo. Iko hesabu moja ya 8.8.8.8, ambayo kwa kuitazama tu ni utenzi mtupu. Mtu angedhani kwamba utenzi wowote wa Lamu ungeimbwa kwa tuni hiyo bila taabu. Sivyo hata kidogo. Tuni nyingi za hesabu hiyo huanza kwa pigo jepesi na kumalizia kwa pigo zito juu ya silabi ya nane. Kiswahili nacho hutia mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, yaani ya saba. Kipande kikimalizika kwa neno “moyoni”, mwimbaji atatamka “MO-yo-NI” mahali pa “mo-YO-ni”. Hesabu imetimia, lakini neno limevunjika shingo. Dawa yake ni kutafuta tuni inayoanza kwa pigo zito. Hiyo huangukia silabi ya saba bila kulazimishwa.

Katika Dholuo mambo ni mazito zaidi, kwa kuwa ile ni lugha ya toni, na kupanda au kushuka kwa sauti kwaweza kugeuza maana. Neno lililoandikwa “kendo” laweza kuwa meko, laweza kuwa kuoa, na laweza kuwa “tena”, kwa jinsi linavyotamkwa. Wamisionari wa Kiadventista walipofungua kituo chao Gendia, karibu na Kendu Bay katika Homa Bay ya leo, mwaka 1906, walikuja na tuni za kwao. Maneno yakafasiriwa, tuni zikabaki vile vile. Ndipo huwa sauti ya wimbo yapanda mahali ambapo neno lataka kushuka, na mwenye lugha hulazimika kukisia.

NJUGA KANISANI

Mwalimu wetu alikata shauri kuanza na maneno. Aliyasema polepole, akasikiliza yanakopanda na yanakoshuka, akatoa tuni humo, kisha ndipo akaigawa kwa watoto. Lakini kengele zina udhaifu: mlio wake hukawia hewani, na mapigo ya haraka huchanganyikana. Basi aliongeza gara, yaani njuga za chuma ambazo mpiga nyatiti huzifunga mguuni. Kengele zibebe tuni, njuga zishike mwendo.

Hapo ndipo mgogoro ulipozuka. Mzee mmoja wa kanisa alisema kwamba gara ni za matanga na pombe, wala haziingii mbele ya Mungu. Mwalimu alimjibu kwa adabu kwamba Wakatoliki walilijadili jambo hilo katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na hati ya Desemba 4, 1963 iliruhusu ala za wenyeji zinazofaa ibada. Mzee hakuridhika, kwani yeye si Mkatoliki.

Mimi mgeni sikuwa na haki ya kuhukumu, lakini mabishano hayo si mageni kwangu. Habib Saleh, mwasisi wa Msikiti wa Riyadha huko Lamu, alipoyasoma maulidi huku matari yakipigwa, wako waliompinga. Leo watu husafiri kutoka mbali kuja kuyasikia.

Naona hatari si njuga kuingia kanisani. Hatari ni mtoto wa Rongo au Kendu Bay kukua akiamini kwamba furaha ya Krismasi ina sauti moja tu, nayo ni ya ng’ambo, na kwamba lugha ya mamake yafaa kupindwa ili ienee ndani yake. Mpangaji wa nyimbo ana uwezo wa kulizuia hilo kwa kalamu na subira. Wahenga walinena: mcheza kwao hutunzwa. Lakini hawezi kutunzwa asiyeachiwa uwanja wa kuchezea.