Meli Iliyojifanya Kisiwa

Sisi tunaosomea ualimu wa Historia, tukifika kwenye Vita Kuu ya Pili ya Dunia tunakimbilia majina makubwa: Hitler, Churchill, Hiroshima, basi, kipindi kimeisha. Leo naomba tuwaache wakubwa kidogo niwaeleze habari za meli moja ndogo ya Uholanzi, Abraham Crijnssen.

Hii ilikuwa meli ya kusafisha mabomu ya baharini. Mabomu mengi ya aina hiyo hufungwa kwa waya kwenye uzito ulioko chini kabisa, yakabaki yanaelea chini kidogo ya uso wa maji, yakisubiri meli iyaguse. Meli ya kusafisha huburuta waya wenye vikatio. Ukikutana na waya wa bomu unaukata, bomu linaibuka, halafu wanamaji wanalipiga risasi wakiwa mbali. Kwa ufupi ni kazi ya kufagia, ila hapa ukifeli hakuna sapu.

Iliundwa Schiedam, ikashushwa majini mwaka 1936. Urefu wake ni kama mita 56, mabaharia 45 hivi, mzinga mmoja wa inchi 3, na mwendo wa maili 15 za baharini kwa saa. Jina ililopewa ni la kamanda aliyeiteka Suriname kutoka kwa Waingereza mwaka 1667, nayo ikapelekwa Surabaya, kisiwani Java, kulinda koloni jingine. Hilo tusilisahau tunapoifurahia hadithi hii. Wenye visiwa vile walikuwa na madai yao, na mwaka 1945 wakatangaza uhuru wa Indonesia.

Tarehe 27 Februari 1942, Wajapani waliwapiga vibaya Waholanzi na wenzao katika mapigano ya Bahari ya Java. Meli zilizobaki zikaamriwa zikimbilie Australia. Sasa hebu piga hesabu: manowari za Kijapani za kukimbiza zilipita maili 30 kwa saa, yaani mara mbili ya mwendo wa Crijnssen, na angani kulikuwa na ndege. Kushindana mbio haiwezekani, kupigana ndiyo kabisa.

Mabaharia wakaamua kujificha hadharani. Walikata matawi na miti visiwani, wakaifunika meli nzima, na sehemu zilizobaki wazi wakazipaka rangi ya miamba. Indonesia ina visiwa zaidi ya 17,000. Kikiongezeka kimoja, rubani atajuaje?

Lakini majani peke yake yasingetosha, na hapa ndipo akili ilipo. Kisiwa hakitembei. Meli ikisogea mchana inaacha mkia mweupe wa povu ambao rubani anauona kutoka mbali sana. Kwa hiyo mchana walitia nanga karibu na ufuko, kimya, na usiku ndipo waliposafiri. Fikiria kukaa kutwa nzima chini ya majani, injini imezimwa, ndege inapita juu, na wewe huruhusiwi kufanya lolote. Mimi nadhani ingekuwa rahisi zaidi kukimbia.

Tarehe 20 Machi 1942 ikaingia Geraldton, Australia Magharibi. Ilipaswa kusafiri pamoja na dada zake watatu. Jan van Amstel ilikamatwa njiani na manowari ya Kijapani ikazamishwa. Pieter de Bitter na Eland Dubois zilizamishwa na Waholanzi wenyewe ili zisiangukie mikononi mwa adui.

Kuanzia Septemba 1942 Crijnssen ilitumikia jeshi la majini la Australia, ikisindikiza misafara. Januari 1943, katika mlango-bahari wa Bass, walihisi kuna nyambizi, wakaangusha haraka mabomu mawili. Kumbe meli yenyewe ilikuwa bado haijafika mbali: mlipuko ukaharibu mabomba na vifaa vyake, ikaenda gereji wiki nzima! Mei 1943 ikarudishwa kwa Waholanzi, na vita vilipokwisha ilifanya kazi yake halisi, kusafisha bandari ya Kupang kabla Wajapani wa Timor hawajasalimu amri.

Ilifutwa kwenye orodha ya jeshi mwaka 1960, ikapewa vijana wanaojifunza ubaharia, ikawa darasa lao. Leo iko kwenye makumbusho ya jeshi la majini huko Den Helder, imerudishiwa sura yake ya wakati wa vita, na unaweza kupanda ukaikagua.