Hudson: sosiete ya michezo iliyomezwa na mukubwa

Bakamarade, hata sosiete ya michezo ya video inaweza kufa sawa mugodi. Hudson ilianza mwaka 1973 mu Sapporo, kaskazini ya Japani. Bandugu babili, ba Kudo, njo baliianzisha. Balipenda sana treni ya makaa. Jina Hudson lilitoka kwa aina moja ya treni hizo. Mwaka 1984 balileta Lode Runner, mchezo wa Marekani, kwa mashini ya Nintendo: mutu anachimba mashimo, anaokota dhahabu, anakimbia balinzi. Uliuzwa zaidi ya mara milioni 1. Kisha Bomberman ikajulikana dunia nzima.

Pigo lilitoka inje. Mwaka 1997 banki yao kubwa, Hokkaido Takushoku, ilianguka. Hudson ikatafuta makuta. Mwaka 2001 Konami ikaingia, 2005 ikapita nusu ya aksio, na Machi 2012 Hudson ikazimwa. Bomberman angali anauzwa, lakini faida ni ya Konami.

Kwa hiyo, kazi nzuri peke yake haitoshi. Tuulize: nani anakopesha sosiete yetu? Nani ananunua aksio? Mukubwa mupya akikuja, sendika ikae pa meza mbele ya kusaini, hapana nyuma.