Kware wa Nyasini na Kware wa Kizimbani: Jinsi Maumbile ya Ndege Yalivyoamua Bei ya Mayai

Mwishoni mwa mwaka 2013 na katika miezi ya mwanzo ya 2014, Wakenya wengi waliingia katika ufugaji wa kware kwa pupa. Yai lenye uzito wa gramu 10 hivi lilikuwa likiuzwa kwa makumi ya shilingi, na vifaranga walikuwa wakigombaniwa. Wapo waliotoa akiba yao yote, na wapo waliokopa. Muda si mrefu soko likaporomoka. Yai lile lile likawa halipati mnunuzi hata kwa shilingi chache, na vizimba vingi vikabaki vitupu nyuma ya nyumba. Lawama zilielekezwa kwa madalali, kwa wanunuzi na kwa serikali. Ndege mwenyewe hakutazamwa sana, ingawa maumbile yake yalikuwa na sehemu kubwa ya jibu.

Jina kware, kama linavyotumika nchini Kenya leo, limebeba ndege zaidi ya mmoja. Katika kamusi kadhaa ndege huyu mdogo huitwa tombo, na jina kwale au kware hupewa jamaa yake mkubwa zaidi, yule anayeonekana alfajiri akikimbia kando ya njia za vijijini. Waluo humwita aluru, nao Waluhya isindu. Wote ni wa familia moja na kuku na tausi: ndege wa ardhini wenye miguu imara ya kuparura udongo, mdomo mfupi wa kudonoa, na vifaranga wanaotembea tangu siku ya kwanza ya maisha yao.

Porini nchini Kenya wapo kware wa aina tatu. Wa kwanza ni kware wa kawaida, ambaye pia yupo Ulaya na Asia. Wapo wanaoishi katika nyanda za juu za Afrika Mashariki mwaka mzima, na wapo wanaovuka bahari na jangwa la Sahara kuja Afrika kukwepa baridi ya kaskazini. Wa pili, anayejulikana zaidi na watu wa magharibi mwa Kenya, ni yule ambaye wanasayansi humwita Coturnix delegorguei. Dume lake lina koo jeupe lenye michirizi myeusi, baka jeusi kifuani, na ubavu wenye rangi ya kahawia iliyoiva. Jike ni wa rangi ya majani makavu tu. Wa tatu ni kware wa buluu, mdogo kuliko wote na adimu, anayependa nyasi zenye unyevu.

Anayetaka kumwona kware porini huwa na kazi ngumu, maana ndege huyu huishi kwa kujificha. Akisikia hatua, hulala chini akatulia, na michirizi ya mgongoni mwake humfanya afanane na nyasi zilizokauka. Mtu akizidi kukaribia, kware hupendelea kukimbia kati ya mashina ya nyasi kuliko kuruka. Hurushwa na hofu ya mwisho tu, mguu wa mtu unapokuwa karibu kumkanyaga. Hapo huibuka kwa mshindo wa mabawa, akaenda chini chini umbali mfupi, kisha akatumbukia tena nyasini. Ni rahisi kumdhania kuwa ndege asiyejua kuruka. Ukweli ni kwamba mabawa yake yamechongoka na ni marefu kwa mwili wake kuliko ya jamaa zake wengi wa ukoo wa kuku, na usiku, bila ya kuonekana na mtu, husafiri mbali. Kware wa kawaida hana uzito unaozidi sana gramu 100, lakini hufika kusini mwa Sahara kutoka Ulaya. Yule wa pili hufuata mvua ndani ya bara la Afrika: hutokea kwa wingi pale nyasi zinapochipuka na wadudu kuongezeka, akakaa, akazaa, kisha akatoweka ardhi inapokauka.

Chakula chake ni mbegu za magugu na nafaka zilizodondoka, pamoja na mchwa, panzi wadogo na viwavi. Vifaranga hasa hutegemea wadudu katika siku zao za mwanzo, kwa kuwa hukua kwa kasi na mwili wao huhitaji protini nyingi. Kwa sababu hiyo shamba lililonyunyiziwa dawa ya wadudu huwa kama ghala tupu kwa kifaranga wa kware, hata kama nyasi zake ni nzuri.

Kiota ni shimo dogo lililoparurwa ardhini na kutandikwa majani machache. Jike huatamia peke yake. Kware wa kawaida hutaga mayai 8 hadi 13, huyaatamia kwa muda wa siku 17 hadi 20, na vifaranga huondoka kiotani mara tu manyoya yao yanapokauka. Kabla ya kutimiza wiki 3 huwa wanaweza kuruka. Maisha haya ya haraka yana sababu yake. Ndege anayetaga chini huliwa na nyoka, nguchiro, paka na mwewe, na njia yake ya kudumu duniani ni kuzaa wengi na kukua upesi.

Watu wa magharibi mwa Kenya waliielewa tabia ya ndege huyu zamani. Mtego wao wa jadi hautegemei kumfukuza, bali kumwita. Kware waliozoeshwa huwekwa katika vitundu vilivyofumwa kwa vijiti, vitundu hivyo vikaning'inizwa kwenye mti mrefu uliosimikwa shambani. Usiku na alfajiri ndege hao hulia, na wenzao wanaopita angani huisikia sauti, wakashuka nyasini ambako matanzi yametegwa katika vijia. Ni ustadi wa kweli, uliojengwa juu ya ujuzi wa vizazi vingi kuhusu sauti, majira na mwendo wa ndege. Lakini mtego ulio na waitaji wengi huwavuta ndege waliokuja kuzaa, nao hunaswa kabla ya kutaga. Nyasi za asili nazo zimepungua kwa kulimwa na kujengwa, kwa hiyo wanaobaki hukusanyika katika vipande vichache ambavyo mtegaji anavijua vyema.

Kware aliyeleta msisimko wa 2014 ni mwingine. Huyu ni kware wa Kijapani, Coturnix japonica, jamaa wa karibu wa kware wa kawaida. Wajapani walianza kumfuga karne nyingi zilizopita kwa ajili ya sauti yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 wafugaji wa huko walianza kumchagulia sifa nyingine: utagaji. Vita Kuu ya Pili ya Dunia nusura iumalize ukoo huo wa kufugwa, lakini ulijengwa upya na kusambaa duniani. Kifaranga wake huanguliwa baada ya siku 16 hadi 18. Akiwa na umri wa wiki 6 hivi, jike huanza kutaga, na akitunzwa vizuri hufikisha mayai 250 au zaidi kwa mwaka.

Hapa ndipo hesabu inapoanza. Chukua mfugaji mwenye majike 10. Kila mmoja akitaga mayai 20 kwa mwezi, anapata mayai 200. Tuseme kwa tahadhari kwamba nusu tu ya mayai hayo yanatoa ndege wanaofika utu uzima, yaani ndege 100, na nusu yao ni majike: 50. Mwezi mmoja wa kutaga, siku 17 za kuangua na wiki 6 za kukua ni takriban miezi 3. Kwa hiyo katika kila miezi 3 majike huongezeka mara 5. Baada ya mwaka mmoja, mizunguko minne, majike 10 yamekuwa 6,250, na mayai yao ni 125,000 kwa mwezi. Huyo ni mfugaji mmoja. Hakuna ng'ombe, mbuzi wala kuku anayeweza kujaza soko kwa kasi ya namna hiyo.

Walionufaika katika msimu ule kwa kiasi kikubwa walikuwa wale wa mwanzo, kwa sababu bidhaa yao halisi haikuwa yai la kuliwa bali mbegu ya kuanzishia ufugaji. Waliwauzia wafugaji wapya mayai ya kuangua, vifaranga na ndege wazima. Ilipofika zamu ya wafugaji hao wapya kuuza, majirani zao nao walikuwa na kware. Mlaji wa kawaida, ambaye ndiye soko la kudumu, hakuwa ameongezeka. Yai moja la kuku lina uzito wa mayai 5 au 6 ya kware, na mama anayepangia familia chakula alilijua hilo bila ya kuambiwa na mtaalamu.

Kilichoibeba bei kwa muda kilikuwa ni madai ya tiba. Ilisemwa kwamba yai la kware linaponya kisukari, shinikizo la damu, pumu na maradhi mengine mengi, na kwamba halina kolesteroli. Yai la kware ni chakula kizuri chenye protini, vitamini na madini, kama lilivyo la kuku. Dawa ya maradhi hayo silo. Na kuhusu kolesteroli, kwa uzito ulio sawa yai la kware halina kidogo kuliko la kuku, bali linayo zaidi. Mgonjwa aliyeacha vidonge vyake akashika mayai alikuwa akihatarisha maisha yake, na hasara hiyo haikuhesabiwa katika bei ya soko.

Kwa anayefuga leo, au anayefikiria kuanza, kuna mambo ambayo asili ya ndege inayalazimisha. Karne za kuchaguliwa zimemfanya jike wa kufugwa apoteze silika ya kuatamia, hivyo bila mashine ya kuangulia mayai hakuna vifaranga. Kifaranga aliyeanguliwa ni mdogo kiasi cha kuzama katika sahani ya maji, na wafugaji wenye uzoefu huweka kokoto ndani ya sahani hiyo. Katika wiki ya kwanza huhitaji joto la nyuzi 35 au zaidi kidogo. Utagaji huongozwa na mwanga: saa 14 hadi 16 kwa siku ndizo zinazofaa, ilhali nchi zilizo katika ikweta hupata saa 12 tu mwaka mzima. Anayetaka mayai mengi hana budi kuongeza taa jioni, na gharama ya umeme iingie katika hesabu zake. Kizimba nacho kiwe na dari ya chini au laini, kwa sababu ile tabia ya kuibuka ghafla kutoka nyasini haijafutika. Kware akishtuka huruka moja kwa moja juu, na wengi wamejivunja vichwa katika mabati.

Upande wa sheria, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 ilianza kutumika Januari 2014, wakati ule ule pupa ya kware ilipokuwa imepamba moto. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya (KWS) lilichukua nafasi hiyo kuwakumbusha wananchi kwamba kware wamo katika orodha ya wanyamapori, na kwamba anayetaka kuwafuga anahitaji leseni. Kuwinda wanyamapori kwa ajili ya kitoweo au kwa kuuza nyama bila ya kibali ni kosa, hata kama windo ni ndege mwenye uzito wa gramu 80. Mwananchi mwenye nia ya kufuga anashauriwa kuanzia katika afisi ya KWS iliyo karibu naye kabla ya kununua ndege, na kuhakikisha kwamba muuzaji naye ana leseni. Ndege aliyenaswa porini hafai kuwa mbegu ya ufugaji: hatagi kwa wingi, hupaparika kizimbani hadi akajeruhiwa, na huweza kuingiza maradhi katika banda la kuku.

Lipo pia tatizo la upande wa pili, ambalo halizungumzwi sana. Mfugaji aliyekata tamaa hushawishika kufungua kizimba na kuwaachia ndege waende. Huko Ulaya imeonekana kwamba kware wa Kijapani na wale wenye damu yake, walioachiwa mashambani kwa ajili ya wawindaji, huzaliana na kware wa kawaida. Wasiwasi wa wanasayansi ni kwamba watoto wao watapoteza silika ya kuhama, na ukoo ambao umevuka Sahara kwa maelfu ya miaka utakosa njia. Ndege wasiotakiwa tena ni heri kuliwa au kupewa mfugaji mwenye leseni kuliko kuachiwa.

Mvua zinapoanza na magugu kurefuka, sauti za kware husikika tena katika mashamba ya magharibi mwa Kenya, mlio mfupi unaorudiwa rudiwa alfajiri na jioni. Huo ndio pia wakati wa palizi. Mkulima anayekuta kiota chenye mayai yenye madoadoa kati ya mistari ya mahindi anaweza kuacha kipande cha magugu cha hatua mbili kila upande na kuendelea na kazi mahali pengine. Jike akiwa hajatishwa mno, hurudi. Baada ya wiki mbili au tatu vifaranga huanguliwa, huondoka na mama yao siku hiyo hiyo, na kipande kile kinaweza kupaliliwa kesho yake.