Kila mtu na ukurasa wake: namna ya kupanga tablo ya kufuatilia kazi ya ushirika

Wamemba wengi wa Aveba wanauliza juu ya ile tablo inayoonekana kwenye telefone ya sekretere: michoro ya rangi, mistari inayopanda na kushuka, namba nyingi. Ni ya nani? Inasema nini juu yangu? Na mimi ninaweza kubadilisha kitu ndani? Kwa swali la mwisho jibu ni ndiyo, na ndilo tunataka kueleza leo, juu tablo ambayo haikupangwa na mwenye kuitumia haimsaidii, na mara nyingine inamletea kesi.

Tuanze na kitu ambacho wote tunakijua. Pikipiki iko na tablo yake mbele ya dereva. Inamwonyesha mafuta, mwendo, na kama taa inawaka. Haimwonyeshi meno ya mnyororo yamebaki kiasi gani, ingawa hiyo nayo ni habari ya kweli. Hiyo fundi ataitazama. Kwa ushirika ni vile vile. Mwenye depo, kesiye, mkulima kiongozi anayezunguka mashambani, na mama anayelima ari 10 nyuma ya nyumba, hawawezi kutazama ukurasa mmoja na wote wakatoka na kitu. Kwa hiyo, mbele ya kugusa telefone au chaki, jiulize: ni uamuzi gani ninapashwa kukata wiki hii, na namba gani itanisaidia kuukata? Namba ambayo haikusaidii kukata kitu, iache kwa wengine.

Mkulima wa kawaida anahitaji mambo kidogo tu: shamba lake ni ari ngapi, alipanda mbegu kilo ngapi, alileta kilo ngapi kwenye depo, alilipwa ngapi, na ushirika unamdai au anaudai nini. Safu tano, sita ukiweka tarehe. Lakini ile ya kwanza, ya ari, ndiyo watu wanaisahau, na bila hiyo zile zingine zinadanganya. Tuchukue mfano. Baba mmoja alileta kilo 300 za maharagi, jirani yake mama alileta kilo 200. Tablo inayoonyesha kilo peke yake inamweka baba juu. Sasa ongeza ukubwa wa shamba: baba alilima ari 50, mama alilima ari 25, maana yake robo ya hekta. Ukipeleka kwa hekta, baba amevuna kilo 600, mama kilo 800. Kama komite inatafuta mtu wa kuuliza namna alivyopanda na alivyopalilia, aulizwe mama. Ile tablo ya kwanza ingewapeleka kwa mlango ambao si wenyewe.

Tukae kidogo kwa mwenye depo, juu kwake ndiko maneno mabaya yanaanzia. Mahindi yanapoingia na unyevu, uzito mwingine ni maji. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18 ndani yake liko na kilo 82 za kitu kikavu na kilo 18 za maji. Likianikwa mpaka asilimia 13, kipimo ambacho mahindi yanaweza kulala depo bila kuoza, zile kilo 82 hazikupotea, lakini gunia sasa linapima kilo 94 na robo hivi. Karibu kilo 6 zimekwenda hewani. Kwa gunia moja hakuna mtu atasema kitu. Kwa magunia 40, depo iliyopokea kilo 4000 itapima kilo 3770. Kilo 230 hazionekani, na kila mtu kwenye mkutano anamtazama mwenye ufunguo. Ushirika unaweza kuvunjika kwa jambo kama hilo, na mtu mwenye haki akatoka na jina la mwizi, wakati ni jua tu limefanya kazi yake.

Kwa hiyo ukurasa wa mwenye depo usikubali kuwa na safu moja ya kilo. Uwe na safu mbili: kilo za kuingia, na kilo baada ya kuanika. Kati yao weka safu ya unyevu. Kama ushirika hauna mashine ya kupima unyevu, tumieni chumvi. Chukua chupa ya kioo safi na kavu kabisa, tia mbegu mpaka robo, ongeza chumvi iliyokauka vizuri, funga, tikisa dakika mbili au tatu, kisha uache itulie robo saa. Kama chumvi imeshika kwenye ukuta wa chupa, mahindi yangali na maji mengi, yarudi juani. Kama haikushika, yanaweza kuingia ndani. Chumvi haitoi asilimia, kwa hiyo kwenye safu andika tu “imeshika” au “haikushika”, na tarehe. Siku ya mkutano safu hiyo itamtetea mwenye depo kuliko maneno yake mwenyewe.

Sasa telefone. Mashirika mengi yanayofanya kazi huku yanakusanya habari kwa KoboToolbox, programu iliyotokea Harvard Humanitarian Initiative kule Marekani. Kwa telefone ya Android unajaza fomu ndani ya KoboCollect hata kama rezo haiko; fomu zinangoja mpaka ufike mahali rezo iko, ndipo unazituma. Ile tablo yenyewe unaikuta ukifungua akaunti kwa intaneti. Katika sehemu ya data kuna jedwali lenye safu zote. Safu usizozihitaji unaweza kuzificha, na ukificha haujafuta kitu, habari iko palepale. Unaweza pia kuchuja, kwa mfano uone kijiji kimoja tu, ao zao moja. Kwenye sehemu ya ripoti unaweza kubadilisha umbo la mchoro, na kupanga majibu kwa makundi: mavuno kwa kijiji, ao kwa msimu.

Lakini hapa kuna jambo ambalo watu wanagundua kwa kuchelewa. Programu inaweza kupanga makundi tu kwa maswali ambayo mtu alichagua jibu moja kati ya majibu yaliyowekwa tayari. Kama swali la zao liliachwa wazi, mmoja ataandika maharagi, mwingine maharage, wa tatu arikò, na mashine itaona mazao matatu. Hakuna rangi ya mchoro itaponyesha hiyo. Kwa hiyo kupanga tablo kunaanzia kwenye fomu, mbele ya msimu: zao, kijiji, msimu A ao B, viwe vya kuchagua. Jina la mtu nalo, heri apewe namba ya memba, ile ile iliyo kwenye rejista ya ushirika.

Kuhusu nani anaona nini: mwenye kusimamia mradi ndani ya programu anaweza kumpa mtu ruhusa ya kuona zile fomu tu ambazo fulani alituma. Mkulima kiongozi anaona kazi yake, haoni ya mwenzake. Tunashauri hivyo kwa wakulima viongozi wote. Kila mara matembezi yao yamewekwa kwa orodha moja, wa kwanza mpaka wa mwisho, mtu anaanza kutembelea mashamba ya kando ya barabara tu ili namba ipande, na yule aliyeko mbali, upande wa mlima, hafikiwi. Kwa ukurasa wake mkulima kiongozi aweke kitu kigumu zaidi kuchezea: katika mashamba aliyotoa shauri, ni mangapi alirudi akakuta shauri limefuatwa? Namba hiyo itakuwa ndogo. Isimwogopeshe, juu ndiyo inayomwambia kesho aelekee wapi.

Wasio na telefone hawajaachwa nje. Daftari yenye mistari ya rula inafanya kazi hiyo yote, na wino haulizi moto wa kuchajia. Ubao wa chaki kwenye ukuta wa depo nao ni mzuri, kwa sharti moja ambalo tunalisema kwa nguvu: ubao ni wa watu wote, pamoja na wale wanaopita usiku. Kiasi cha pesa kwenye sanduku kisiandikwe pale. Magunia yaliyobaki ndani, hapana. Majina ya wenye deni, hapana pia, juu aibu inamfukuza memba na deni anaondoka nalo. Ubaoni wekeni bei ya wiki, siku ya kupima, matokeo ya chumvi, na ari zilizopandwa kwa kila kijiji. Mengine yakae kwa daftari ya komite, na memba akiyataka ayasomewe. Sheria ya OHADA juu ya vyama vya ushirika, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, na ambayo nchi yetu iko ndani yake tangu 2012, inahesabu uongozi wa kidemokrasia wa wamemba, pamoja na elimu na habari, kati ya misingi ya ushirika. Kwa hiyo kesiye anayesema “hiyo haikuhusu” amekosea. Akisema “njoo nikusomee, lakini si barabarani”, hapo yuko sawa.

Na daftari iwe mbili. Watu wa Walendu Bindi wamekimbia mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu, na anayekimbia anabeba mtoto kwanza, si karatasi. Kurasa za msimu zinakiliwe na kuwekwa kwa mtu wa pili, kijiji kingine kama inawezekana. Ukiwa na telefone, piga picha ya kila ukurasa mwisho wa wiki na uitume kwa mtu mmoja wa komite aliyeko Bunia.

Mwisho wa kila msimu mkae na kurasa zenu na muulize safu kwa safu: nani alitazama hii? Ilimfanya abadilishe nini? Safu ambayo hakuna aliyeitazama tangu kupanda mpaka kuvuna, ifuteni. Mkipita tena kwenye kikao chetu mbele ya msimu A, leteni daftari jinsi zilivyo, hata zile zilizolowa mvua, pamoja na orodha ya majina ya mazao namna kila kijiji kinavyoyaita, ili fomu mpya itengenezwe kabla mbegu hazijaingia udongoni.