Muundo Upi Utadumu? Mwongozo kwa Mnunuzi wa Diski na Vifaa vya Kuhifadhia Kumbukumbu

Katika kabati za nyumba nyingi zimo kanda za video za harusi, mahafali na mazishi ambazo hazijatazamwa kwa miaka mingi. Si lazima kanda hizo ziwe zimeharibika. Mara nyingi kilichokosekana ni deki ya kuzichezea. Hasara ya namna hii haionekani siku ya kununua. Hujitokeza baadaye, mtumiaji anapotambua kwamba anamiliki kumbukumbu ambayo hana tena njia ya kuiona.

Maana ya muundo

Muundo ni utaratibu ambao watengenezaji wamekubaliana kuufuata: ukubwa wa diski, jinsi taarifa zinavyoandikwa juu yake na aina ya mwale wa leza unaozisoma. Diski za CD, DVD na Blu-ray zote zina kipenyo cha sentimita 12, na kwa macho hufanana. Hata hivyo, CD hubeba takriban megabaiti 700, DVD ya tabaka moja gigabaiti 4.7, na Blu-ray ya tabaka moja gigabaiti 25. Kufanana kwa umbo kusikudanganye: deki ya DVD haiwezi kusoma diski ya Blu-ray.

Kwa nini baadhi hudumu

Mwaka 1975 kampuni ya Sony ilileta sokoni kanda za Betamax. Mwaka uliofuata JVC ikaleta VHS. Wengi waliisifu Betamax kwa ubora wa picha, lakini kanda zake za mwanzo zilirekodi saa moja tu, ilhali za VHS zilirekodi saa mbili, muda unaotosha filamu nzima. Aidha, kampuni nyingi zilitengeneza deki za VHS. Kufikia mwaka 1988 Sony yenyewe ilianza kutengeneza deki za VHS.

Mashindano kama hayo yalirudi mwaka 2006 kati ya HD DVD ya Toshiba na Blu-ray. Nchini Marekani, deki ya kwanza ya HD DVD iliuzwa dola 499 na ile ya kwanza ya Blu-ray dola 999. Waliochagua kwa kuangalia bei walidhani wameokoa fedha. Mwezi Januari 2008 kampuni ya filamu ya Warner Bros. ilitangaza kuachana na HD DVD, na mwezi uliofuata Toshiba ikatangaza kusitisha biashara hiyo. Wanunuzi wakabaki na deki zisizotengenezewa tena filamu mpya.

DVD-R na DVD+R nazo zilishindana, lakini zote mbili zilidumu kwa sababu watengenezaji waliunda mashine zinazosoma na kuandika aina zote mbili. Funzo ni kwamba muundo haudumu kwa ubora wala kwa unafuu wa bei peke yake. Hudumu pale kampuni nyingi zinapoutumia, na mashine mpya zinapoendelea kuusoma.

Hata mshindi huzeeka. Kampuni ya Funai ya Japani ilisitisha kutengeneza deki za VHS mwezi Julai 2016, na Sony ikaacha kutengeneza diski tupu za Blu-ray mwezi Februari 2025.

Mtumiaji unashauriwa:

1. Kabla ya kununua, uliza ni kampuni ngapi zinazouza vifaa vya muundo huo. Ikiwa ni moja tu, tafakari upya.

2. Nenda dukani na diski au kadi yako, uijaribu kabla ya kulipa. Omba muuzaji aandike kwenye risiti miundo ambayo kifaa kinasoma. Ahadi iliyoandikwa ni ushahidi. Ya mdomo ni vigumu kuithibitisha.

3. Unapomlipa mpiga picha wa harusi, kubalianeni mapema kwamba pamoja na DVD atakukabidhi mafaili yenyewe.

4. Hamisha kanda za zamani mapema, wakati deki na mafundi wake bado wanapatikana.

5. Weka nakala mbili au zaidi katika vifaa vya aina tofauti, na moja ikae katika nyumba nyingine. Flashi inafaa kusafirishia mafaili, lakini isiwe hifadhi yako pekee.

6. Epusha diski na jua na joto, na uishike kwa kingo zake.

7. Angalau mara moja kwa mwaka fungua nakala zako kuhakikisha kwamba zinasomeka.

Deki hununuliwa nyingine. Sauti ya mzazi aliyefariki, ikiwa imebaki katika kanda moja tu, haina duka inakouzwa.