Butura ya barafuni: nani hulipa chaguo la drafti likiuzwa?

Tarehe 27 Juni 2025, mjini Los Angeles, klabu ya hoki ya New York Islanders ilimchukua Matthew Schaefer, beki Mkanada wa miaka 17, kuwa mchezaji wa kwanza wa drafti ya mwaka huo. Siku hiyohiyo ilikuwa imemwachia Noah Dobson, beki wa miaka 25 aliyekwisha kukomaa, aende Montreal Canadiens. Yenyewe ilipokea mshambuliaji mmoja, Emil Heineman, pamoja na haki ya kuchagua vijana katika nafasi ya 16 na ya 17. Montreal ilimpa Dobson mkataba wa miaka 8 wa dola milioni 76. Islanders nao waliyatumia machaguo yale kwa Victor Eklund wa Sweden na Kashawn Aitcheson wa Kanada.

Mabishano ya mashabiki wa pande zote mbili yalikuwa makali, na kiini chake kilikuwa hesabu ya biashara. Beki anayejulikana uwezo wake ana thamani ya vijana wangapi ambao bado hawajacheza hata dakika moja ya ligi kuu?

Msomaji aliyezoea dirisha la usajili la soka inabidi kwanza aisahau ada ya uhamisho. Katika NHL, ligi ya klabu 32 za Marekani na Kanada, klabu hubadilishana: mtu kwa mtu, mtu kwa chaguo, chaguo kwa chaguo. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi Juni, hugawana vijana wa kuanzia miaka 18, au wanaokaribia kuitimiza, katika drafti ya raundi 7 zenye nafasi 224, na waliofanya vibaya msimu uliopita hutangulia, ingawa nafasi za juu kabisa huamuliwa kwa bahati nasibu. Utaratibu huo ulianzia Montreal mwaka 1963, ligi ikiwa na klabu 6 tu, na vijana waliochaguliwa siku hiyo walikuwa 21. Leo chaguo ndilo sarafu ya ligi nzima. Huuzwa hata miaka mitatu kabla ya siku yake, huwekewa masharti ya kulilinda endapo litaangukia katika nafasi kumi za juu, hutumika kulipia deni, na huweza kupita mikono ya klabu kadhaa kabla mtu yeyote hajajua jina la kijana atakayelijaza.

Kilicholipandisha thamani ni kikomo cha mishahara. Mgogoro wa wamiliki na wachezaji uliufuta msimu mzima wa 2004-05, na ligi iliporudi ilikuja na sheria kwamba hakuna klabu itakayozidisha dola milioni 39 za mishahara kwa msimu. Kikomo hicho kimepanda hadi dola milioni 95.5 msimu wa 2025-26, lakini kanuni ni ileile: tajiri na maskini wana mfuko wa ukubwa mmoja. Kijana anayetoka drafti akiwa na miaka 18 hufungwa na mkataba wa kwanza wa miaka mitatu, ambao mshahara wake wa msingi ni takriban dola milioni 1 kwa mwaka au chini yake. Akikomaa mapema na kucheza sawasawa na mtu wa dola milioni 9, klabu imepata milioni 8 za kuwalipa wengine. Faida hiyo haionekani kwenye msimamo wa ligi, ila bila hiyo ni vigumu mno siku hizi kujenga timu bingwa.

Wataalamu wa takwimu wamejaribu kuipima. Michael Schuckers wa St. Lawrence University alichapisha mwaka 2011 jedwali la thamani ya kila nafasi ya drafti, na mchoro wake hushuka kwa kasi mwanzoni, kisha hulala karibu bapa. Tofauti kati ya nafasi ya kwanza na ya kumi ni kubwa kuliko tofauti kati ya ya hamsini na ya mia. Huku chini mchezo ni wa bahati zaidi, ingawa wapo wenye jicho: Detroit Red Wings walimpata Pavel Datsyuk katika nafasi ya 171 mwaka 1998, na mwaka uliofuata Henrik Zetterberg katika nafasi ya 210. Wote wawili walikuja kuwa nguzo za timu iliyotwaa Kombe la Stanley, taji la ubingwa wa NHL, mwaka 2008.

Mwingine aliyefanya hesabu hizi ni Eric Tulsky, mkemia mwenye shahada ya uzamivu, aliyeanza kwa kuandika uchambuzi kama shabiki tu. Carolina Hurricanes walimwajiri, na tangu Juni 2024 ni meneja mkuu wao. Habari yake inatosha kumjibu anayedhani kwamba ubishi wa mashabiki kuhusu machaguo ni porojo. Baadhi yao waliiona bei ya soko kabla ya waliokuwa wakilipwa kuijua.

Soko hili lina kasoro moja kubwa, nayo ndiyo inayonifanya niwatetee mashabiki hao. Anayeuza chaguo mara nyingi siye atakayekuwepo siku ya kulipa. Mkoani Kagera, Tanzania, mkulima wa kahawa aliyebanwa na ada ya shule huuza mavuno yangali maua, kwa bei ya kutupa, na biashara hiyo huitwa butura. Meneja mkuu wa hoki naye huuza mavuno yakiwa maua, ila shamba si lake. Ni la mwenye klabu, na kwa maana fulani ni la shabiki anayekata tiketi mwaka baada ya mwaka. Meneja anayehofia kibarua chake anauhitaji ushindi wa msimu huu, na chaguo la miaka miwili ijayo huenda likamfaa mrithi wake.

Mfano ambao Toronto hawajausahau ni wa Septemba 2009. Brian Burke, meneja mkuu wa Maple Leafs, alimchukua mfungaji Phil Kessel kutoka Boston Bruins kwa machaguo mawili ya raundi ya kwanza, la 2010 na la 2011, na moja la raundi ya pili. Aliamini timu yake ilikuwa karibu kuamka. Haikuamka. Toronto walimaliza wa pili kutoka mkiani, na chaguo la 2010 likawa la pili katika drafti nzima. Boston walimchukua Tyler Seguin, na mwaka uliofuata, kwa chaguo la 9, Dougie Hamilton. Juni 2011 Boston walilinyanyua Kombe la Stanley, Seguin akiwa chipukizi katika kikosi. Burke alifukuzwa Januari 2013. Kessel alifunga mabao mengi Toronto, kwa hiyo kosa halikuwa mchezaji. Kosa lilikuwa kuuza chaguo bila kinga, tena katika klabu ambayo haikuwa na uhakika wa kumaliza hata katikati.

Ottawa Senators walilirudia kosa hilo kwa gharama isiyopungua. Masika ya 2017 walifika nusu fainali na kukosa fainali kwa bao moja la muda wa nyongeza. Novemba mwaka huohuo walitoa mali nyingi, likiwemo chaguo la raundi ya kwanza, ili kumpata Matt Duchene wa Colorado Avalanche. Timu iliporomoka mara moja. Sharti la mkataba liliwaruhusu kubaki na chaguo la 2018, wakalibakiza na kumchukua Brady Tkachuk, aliyekuja kuwa nahodha wao. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, lakini deni lilihamia 2019, mwaka ambao Ottawa walimaliza wa mwisho kabisa katika ligi. Duchene mwenyewe alikuwa amekwisha kupelekwa Columbus mnamo Februari. Colorado walimchukua Bowen Byram katika nafasi ya nne, na mwaka 2022 alikuwa katika kikosi kilichotwaa kombe.

Wapo wanaosema kwa hiyo chaguo lisiuzwe kamwe. Sikubaliani nao, na Tampa Bay Lightning ndio ushahidi wangu. Februari 2020 walitoa machaguo mawili ya raundi ya kwanza kwa wachezaji ambao si nyota, Blake Coleman na Barclay Goodrow. Wengi waliona bei ni kubwa mno. Lakini Tampa walitazama mambo mawili: wachezaji hao walikuwa na mikataba nafuu iliyobakiza msimu mwingine mzima, na chaguo la klabu inayowania ubingwa huangukia mkiani mwa raundi, kule ambako mchoro wa Schuckers umekwisha kulala. Walitwaa kombe mwaka 2020 na tena 2021. Chaguo lao wenyewe, lililokwenda San Jose kumlipia Goodrow, lilikuwa la 31, la mwisho kabisa katika raundi hiyo.

Bei ya chaguo, kwa hiyo, hutegemea nani anauza, na lini. Upande wa pili wa biashara wapo wanaoishi kwa shida za wenzao. Juni 2019 Toronto, waliobanwa na kikomo, walitaka kuondokana na mkataba wa Patrick Marleau uliokuwa ukiwagharimu dola milioni 6.25. Carolina walikubali kuubeba mzigo huo, kwa malipo ya chaguo la raundi ya kwanza la 2020. Wakavunja mkataba wa Marleau kwa kumlipa, na kwa chaguo lile, la 13, wakampata Seth Jarvis, ambaye leo ni mmoja wa washambuliaji wao wakuu. Walinunua mchezaji kwa kutumia nafasi tupu katika hesabu zao za mishahara.

Biashara ya namna hiyo inaelekea kupungua. Ligi ilikwisha kutangaza kwamba kikomo kitafika dola milioni 104 msimu wa 2026-27 na milioni 113.5 msimu unaofuata. Klabu zikiwa na nafasi tele, hakuna wa kulipa chaguo ili apunguziwe mzigo. Fedha zitakuwepo, ila wachezaji wa kununua ni walewale. Nategemea basi kwamba bei ya mchezaji aliyekomaa, ikihesabiwa kwa machaguo, itapanda, na anayesubiri dakika ya mwisho ya msimu atanunua ghali kuliko wote.

Shabiki anayetaka timu yake ishindwe makusudi ili ipate chaguo la juu naye ana hoja, lakini hesabu zinamgomea. Tarehe 26 Machi 2015, mjini Buffalo, mashabiki wa Sabres walilishangilia bao la ushindi la wageni wao, Arizona Coyotes, kwa kuwa kushindwa kuliwasogeza karibu na Connor McDavid, kijana aliyetarajiwa kuchaguliwa wa kwanza. Buffalo walimaliza wa mwisho, bahati nasibu ikawapa Edmonton nafasi ya kwanza, na Buffalo wakamchukua Jack Eichel. Mwaka 2021 Eichel alikwenda Vegas, akatwaa kombe huko mwaka 2023. Msimu wa 2024-25 ulikuwa wa 14 mfululizo kwa Buffalo kukosa hatua ya mtoano. Kwa kanuni za sasa anayeshika mkia ana asilimia 25.5 tu za kuchagua kwanza, na Islanders walimpata Schaefer wakiwa na asilimia 3.5.

Kipimo ninachokiamini, basi, ni kuuliza mambo matatu. Klabu inauza chaguo la wapi katika raundi, inanunua miaka mingapi ya mchezaji, na aliyetia saini ana muda gani uliobaki kazini? Wamiliki wanaweza kuliondoa tatizo la tatu wenyewe, kwa kutomruhusu meneja aliye katika mwaka wa mwisho wa mkataba wake kuuza chaguo la raundi ya kwanza bila idhini ya bodi. Kampuni nyingi huwa na kanuni kama hiyo kwa meneja anayetaka kuuza kiwanja, na chaguo la juu lina thamani kuliko viwanja vingi.

Kwa kipimo hicho naiunga mkono Dallas Stars. Machi 2025 walimpa Tulsky kijana Logan Stankoven, machaguo mawili ya raundi ya kwanza, la 2026 na la 2028, na mawili ya raundi ya tatu, wakamchukua mshambuliaji Mikko Rantanen na kumfunga papo hapo kwa miaka 8 na dola milioni 96. Miezi miwili baadaye alifunga mabao matatu katika kipindi cha mwisho cha mchezo wa saba dhidi ya Colorado, klabu yake ya zamani. Bei ilikuwa kubwa, lakini Dallas hawakununua miezi mitatu ya mchezaji, na walipouza walikuwa timu ambayo machaguo yake yalitarajiwa kuangukia mkiani. Kama la 2028 litapanda juu, itakuwa ni kwa sababu timu yenyewe imeharibika, na hapo mashabiki wa Dallas watakuwa na haki ya kumdai maelezo yeyote atakayekuwa amekalia kiti cha meneja mkuu.