Kutoka Wodini Hadi Njiani: Plastiki ya Hospitali na Kazi ya Ujenzi

Hospitali ya Rufaa ya Bugando, iliyojengwa juu ya kilima katika mji wa Mwanza, ilifunguliwa mwaka 1971. Katika hospitali za wakati ule vifaa vingi vya tiba vilikuwa vya kioo, chuma, mpira na kitambaa. Bomba la sindano la kioo lilipokwisha kutumika lilioshwa, likatakaswa kwa joto, kisha likarudishwa wodini. Kazi hiyo ilifanywa na idara ambazo mgonjwa hazioni: chumba cha kutakasia vifaa, dobi, karakana na watu wa usafi. Idara hizo kwa pamoja huitwa huduma saidizi za hospitali. Daktari na muuguzi hawawezi kufanya kazi zao bila ya huduma hizo.

Leo bomba la sindano ni la plastiki. Hutumiwa mara moja na kutupwa. Badiliko hilo lilikuwa na sababu njema. Bomba lililotakaswa vibaya laweza kupitisha homa ya ini na virusi vya UKIMWI kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine. Ndiyo maana mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na UNFPA yalitoa tamko la pamoja yakitaka chanjo zitolewe kwa mabomba yanayojifunga yenyewe baada ya kutumika mara moja. Maambukizo yakapungua, lakini mzigo uliokuwa wa chumba cha kutakasia vifaa ukahamia kwenye shimo la taka na tanuri la kuchomea.

Je, plastiki hiyo yaweza kugeuzwa kuwa kifaa cha ujenzi badala ya kuwa moshi? Jibu ni kwamba sehemu yake yaweza. Lakini, kama itakavyoonekana, jambo linaloamua zaidi si mashine ya kiwandani bali ni ndoo ya taka iliyo kando ya kitanda cha mgonjwa.

Kiasi cha taka na hatari yake

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, takriban asilimia 85 ya taka za hospitali ni taka za kawaida, kama zile za nyumbani au ofisini: karatasi, maboksi, mabaki ya chakula, chupa za maji na vifungashio vya dawa. Asilimia 15 tu ndizo zenye hatari, kwa kuwa zina damu, viini vya maradhi, vitu vyenye ncha kali, kemikali au mionzi. Shirika hilo hukadiria pia kwamba katika nchi zenye kipato kidogo taka za hatari ni wastani wa kilo 0.2 kwa kila kitanda kwa siku.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, wa hospitali yenye vitanda 900. Taka za hatari zitakuwa 900 × 0.2, yaani kilo 180 kwa siku. Ikiwa hizo ni asilimia 15 ya taka zote, basi jumla ni kilo 1,200. Zikitengwa tangu mwanzo, ni kilo 180 tu zitakazohitaji uangalizi maalumu. Lakini pamba moja yenye damu ikitupwa katika ndoo ya karatasi na chupa, ndoo nzima huhesabiwa kuwa ya hatari. Hospitali isiyotenga taka zake hujikuta na kilo 1,200 za hatari kila siku, na mzoataka hulazimika kubeba zote kana kwamba kila moja ina maradhi.

Kwa sababu hiyo hospitali hutumia ndoo za rangi mbalimbali: nyeusi au buluu kwa taka za kawaida, njano kwa taka zenye maambukizo, nyekundu kwa zile zenye maambukizo makali zaidi. Sindano huwekwa katika sanduku gumu lisilotoboka. Mtu anayechomwa na sindano iliyofichika ndani ya mfuko mara nyingi si yule aliyeitumia, bali ni mfanyakazi wa usafi anayeubeba mfuko huo.

Plastiki si kitu kimoja

Mtu anayetaka kutumia plastiki tena ni lazima ajue kwamba jina hilo limekusanya vitu vingi visivyofanana. Bomba la sindano kwa kawaida hutengenezwa kwa polipropilini, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi za sentigredi. Chupa nyingi laini za dripu ni za polithini nyepesi, inayoyeyuka kati ya nyuzi 105 na 115. Chupa za maji ya kunywa ni za PET, inayoyeyuka karibu na nyuzi 250. Mirija ya dripu na mifuko ya damu aghalabu ni ya PVC.

PVC ndiyo yenye matata zaidi. Zaidi ya nusu ya uzito wake, yaani takriban asilimia 57 ya PVC isiyochanganywa, ni klorini. Ikipashwa moto sana haiyeyuki kwa utulivu kama polithini. Huanza kuoza kikemikali na kutoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo huwasha macho na mapafu na kula chuma cha mashine. Kipande kidogo cha mrija chatosha kuharibu sufuria nzima ya plastiki nzuri.

Kuchoma na matatizo yake

Njia iliyoenea ni kuchoma. Moto huua viini na hupunguza ukubwa wa taka, na katika vituo vingi vya afya tanuri dogo la matofali ndilo lililowezekana. Hata hivyo, taka zenye klorini zikiungua katika moto hafifu hutoa kemikali ziitwazo dioksini. Ili ziteketee, gesi za tanuri hutakiwa kukaa kwenye joto la nyuzi 850 au zaidi kwa sekunde mbili, na klorini ikizidi kiasi hutakiwa nyuzi 1,100. Isitoshe, dioksini huweza kujiunda upya moshi unapopoa kati ya nyuzi 450 na 200. Tanuri dogo lisilo na vifaa vya kusafisha moshi haliwezi kutimiza masharti hayo.

Dioksini haziozi upesi. Huanguka juu ya ardhi na maji, hujikusanya katika mafuta ya wanyama na samaki, na mwishowe humfikia mlaji. Zimo katika orodha ya Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Tanzania ni mwanachama wake. Kwa mji ulio ufukweni mwa ziwa linalolisha mamilioni ya watu jambo hili si dogo. Ziwa Victoria lina eneo la kilometa za mraba 68,800 hivi, lakini mto unaotoka humo ni mmoja tu, Naili, huko Jinja. Kinachoingia ziwani hukaa humo muda mrefu.

Mvuke badala ya moto

Njia nyingine ni kutakasa taka kwa mvuke wenye shinikizo katika chombo kiitwacho otoklevu. Kanuni yake ni ile ile ya sufuria ya shinikizo ya jikoni. Uso wa Ziwa Victoria uko meta 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo katika sufuria ya wazi hapo Mwanza maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Joto hilo huua viini vingi, lakini mbegu ngumu za baadhi ya bakteria hustahimili. Mvuke ukifungiwa hadi shinikizo lizidi, joto lake hupanda hadi nyuzi 121 au 134, na mbegu hizo hufa iwapo muda watosha.

Mambo mawili huangaliwa hasa. Kwanza, hewa yote itolewe chomboni, kwa kuwa mfuko wa hewa uliobaki huzuia mvuke, na mahali hapo joto halifiki. Bomba lililofungwa kwa kisukumizi chake ni mfano mzuri wa mahali pa namna hiyo. Pili, kazi ipimwe mara kwa mara kwa kuweka ndani mbegu za bakteria zisizodhuru watu na kuona kama zimekufa. Dawa za saratani, kemikali na viungo vya mwili haviingizwi humo; vina njia zake.

Angalia sasa namna tabia za plastiki zinavyosaidia. Kwenye nyuzi 121 polipropilini ya bomba la sindano haijayeyuka. Hutoka ikiwa safi na yaweza kusagwa. Katika Hospitali ya Bir, Kathmandu, nchini Nepal, mabomba yaliyotakaswa kwa mvuke yamewahi kuuzwa kwa wanaotumia plastiki upya. Barani Afrika, mradi wa Umoja wa Mataifa uliozihusisha Ghana, Madagaska, Tanzania na Zambia ulieneza otoklevu mahali pa kuchoma.

Kutoka plastiki hadi tofali

Njia rahisi ya ujenzi ni kuchanganya plastiki iliyoyeyuka na mchanga mkavu, kisha kuushindilia mchanganyiko huo katika kalibu hadi upoe. Hapo plastiki hufanya kazi ya saruji: huzishika chembe za mchanga. Tofali hilo hunywa maji kidogo sana na halihitaji kumwagiliwa siku nyingi. Jijini Nairobi, kampuni ya Gjenge Makers iliyoanzishwa na Nzambi Matee hutengeneza matofali ya kutandika njia kwa namna hii; mwaka 2020 mwanzilishi huyo alitunukiwa tuzo ya vijana na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa.

Kosa moja lingeweza kufanyika Mwanza, nalo ni kutaka vipande vya plastiki vichukue nafasi ya kokoto katika zege. Mji huo umekaa juu ya miamba ya matale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na kokoto yake ni ngumu mno. Plastiki ni laini kuliko jiwe hilo mara kadhaa na saruji haishikamani nayo vema, zege hudhoofika. Faida iko mahali ambapo plastiki huokoa saruji, si mahali ambapo hushindana na jiwe.

Tena kuna mipaka. Polithini hutanuka kwa joto mara kumi na zaidi kuliko zege. Kipande cha polithini cha meta 1 kikipata joto la nyuzi 30 zaidi hurefuka kwa milimeta 4.5 hivi, ilhali zege hurefuka kwa milimeta 0.3. Mchanga hupunguza tofauti hiyo lakini hauiondoi, kwa hiyo nafasi huachwa kati ya tofali na tofali. Chini ya mzigo wa kudumu plastiki hupinda polepole, na penye moto huwaka. Haifai kuta zinazobeba paa wala vyumba vya kulala. Inafaa njia za miguu, viwanja na kingo za bustani.

Tena tofali la njia husagika. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, watafiti walichunguza sangara 20 na sato 20 walionunuliwa Mwanza. Vitu vilivyodhaniwa kuwa plastiki vilionekana katika matumbo ya asilimia 55 ya sangara na asilimia 35 ya sato. Uchunguzi wa mwanga wa infraredi ulithibitisha plastiki katika asilimia 20 ya kila aina. Kwa hiyo si busara kutandika matofali hayo kwenye mialo ya samaki au kando ya Mto Mirongo, ambako unga wake utasombwa na mvua moja kwa moja hadi ziwani.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kuonyesha utengaji kwa maji tu. Wanafunzi wakusanye vifuniko vya chupa, vipande vya ndoo, vya chupa za maji na vya bomba la PVC la fundi; taka za hospitali zisiguswe kamwe. Vipande vikatwe vidogo, viwekwe katika beseni la maji lenye tone la sabuni, vikorogwe. Polithini na polipropilini, zenye densiti chini ya 1, huelea. PET na PVC, zenye densiti ya 1.3 hadi 1.4, huzama. Kisha waulizwe: kama zote mbili zimezama, zitatengwaje? Baadhi watashauri kuchoma na kunusa. Hapo ndipo pa kueleza habari ya klorini na kuwazuia.

Swali hilo ndilo linaloikabili hospitali kila siku. Maji hayawezi kuitenga PVC na PET, wala mvuke hauwezi kuitoa sindano iliyoingia katika ndoo ya chupa. Muuguzi aliye na mrija mkononi anajua umetoka wapi na umegusa nini. Saa moja baadaye, mfuko ukiisha kufungwa, hakuna ajuaye. Hospitali inayotaka kuiuza plastiki yake kwa mjenzi haina budi kuanza kwa kununua ndoo za kutosha, kuwafundisha wafanyakazi wote wa wodini, na kumpa mzoataka glavu nene na buti kabla ya kufikiria kununua mashine ya kusaga.